Kukubaliwa Si Kulipiwa

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo katika gazeti letu la chama, ili niseme na wanachama wenzangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tumo ndani yake, lakini hakuna alisemaye kwa sauti. Nataka kusema juu ya sisi tuliopeleka maombi katika vyuo vikuu ili tupate shahada ya pili au ya tatu, nasi sasa twangoja majibu.

Si wachache. Mwezi wa pili niliingia katika duka moja la kutoa nakala, hapa Arusha mjini, nimebeba vyeti vyangu katika bahasha, nikawakuta humo wenzangu wawili tufanyao kazi ofisi moja, kila mmoja na bahasha yake. Wa kwanza alisema amekuja kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wa pili alisema amemsindikiza wa kwanza. Nami, Mungu anisamehe, nilisema nimeingia kujikinga na jua. Ilipita wiki mbili ndipo tukaambiana kweli, tukacheka sana.

Lakini baada ya kucheka nilifikiri, nikaona kwamba jambo lile si la kuchekesha. Twaficha kwa sababu tatu. Twaogopa kuchekwa tukikataliwa. Twaogopa mkubwa wa kazi asije akasema, Huyu yu njiani, asipewe kazi ya maana. Na wengine, tuseme kweli, twaogopa jicho la watu. Basi kila mmoja hungoja peke yake, huisoma barua peke yake, na huamua peke yake, aghalabu kwa usiku mmoja. Hapo ndipo hasara huzaliwa. Nionavyo mimi, kukataliwa na vyuo hakujamwangamiza karani hata mmoja. Kinachotuumiza ni kukubaliwa pasipo kuhesabu.

Nianze na kule kungoja kwenyewe. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwezi wa Desemba na Januari, na majibu huja kati ya Februari na Aprili. Kwa hiyo kungoja kwetu huanza wakati wa jua kali, kukaendelea mpaka masika, siku ambazo mlima Meru hujifunika wingu asubuhi hata jioni. Mwenye kungoja huamka akashika simu kabla hajanawa uso. Ofisini hulifungua jalada, akaliacha, akaifungua barua pepe, akarudi kwenye jalada asijue alikomea wapi. Na huku dirishani mzee aliyetoka Ngarenanyuki kwa gari la alfajiri amesimama, ataka kujua kama barua yake imejibiwa, naye aambiwa arudi kesho.

Ndugu zangu, sisi makarani tungepaswa kuwa wataalamu wa kungoja, kwa kuwa kazi yetu ni kuwangojesha wengine. Sasa tumeonjeshwa. Tukiona uchungu wa kukaa miezi miwili bila neno lolote, na tumkumbuke mzee yule wa dirishani. Mwenye kufanya kazi yake vizuri katika siku za kungoja hupata faida mbili: siku humwendea upesi, na mkubwa wake atakapoombwa ruhusa au barua ya sifa hatakosa la kuandika. Tarehe ya majibu iliyotajwa na chuo ikipita, ni haki kuandika barua moja fupi ya adabu kuuliza. Barua ya pili na ya tatu katika wiki ileile hazihimizi kitu.

Sasa nije kwenye barua yenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba kukubaliwa na kulipiwa ni jambo moja. Sivyo. Ni mambo mawili yatokayo katika vyumba viwili, na mara nyingi katika majengo mawili. Waalimu wa idara husoma vyeti na maandishi ya mwombaji, wakasema, Huyu aweza kusoma. Wenye fedha ni wengine, nao wana sharti zao na kalenda yao. Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959, una waamuzi wake. Chevening ya Serikali ya Uingereza ina waamuzi wake, nayo humtaka mtu arudi kwao na kukaa muda wa miaka 2 baada ya masomo. DAAD ya Wajerumani ina taratibu zake. Benki Kuu yetu ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa masomo kwa jina la Mwalimu Nyerere, nao una masharti yake. Kwa hiyo mtu aweza kukubaliwa na chuo mwezi wa tatu, akakataliwa na mfuko mwezi wa sita, na barua zote mbili zikawa za kweli.

Nawapa mfano wa ndugu mmoja ambaye jina lake nalisitiri. Alikubaliwa na chuo kimoja cha ng'ambo kwa masomo ya miaka miwili. Fedha hakupewa. Alisema, Nikifika huko Mungu atafungua mlango. Baba yake, mzee wa miteremko ya Meru, alikata kipande cha kihamba chenye kahawa na migomba, akakiuza, ikapatikana ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Mwaka wa kwanza ukaisha vizuri, na maksi zake zilikuwa nzuri. Mwaka wa pili mlango haukufunguka. Alirudi nyumbani bila shahada, na kipande kile cha kihamba sasa kina nyumba ya mtu mwingine. Kijana hakuwa mvivu wala mlevi. Kosa lake lilikuwa kuihesabu safari kwa mwaka wa kwanza tu.

Basi shauri langu la kwanza ni hili: barua ya fedha isomwe kuanzia mwisho. Tazama kwanza mwaka wa mwisho umelipiwa na nani, kisha urudi nyuma. Ukiona mahali patupu, patie jina la mtu atakayepajaza. Kama jina halipatikani, hapo hapana daraja, hata kama karatasi ina muhuri mzuri.

La pili, tujihadhari na neno "nusu". Tufanye mfano tu, maana kila chuo kina hesabu yake. Tuseme gharama yote ya mwaka ni mafungu 10: ada mafungu 5, nyumba na chakula mafungu 4, na safari, viza na bima fungu 1. Chuo kimesamehe nusu ya ada. Msomaji akisikia nusu hufurahi, akidhani amebakiwa na mafungu 5. La. Amesamehewa mafungu 2 na nusu, naye amebakiwa na mafungu 7 na nusu. Mimi mwenyewe nimewahi kudanganyika hivyo, kama nitakavyoeleza mbele kidogo.

La tatu, tarehe. Barua nyingi humtaka mtu ajibu upesi, na nyingine humtaka atoe amana ili kushika nafasi, na mtu wetu kwa hofu hujibu siku ileile. Yafaa tujue kwamba vyuo vingi vya Marekani vilivyomo katika Baraza la Vyuo vya Uzamili vimekubaliana kuwa mwanafunzi aliyeahidiwa fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Muda huo umewekwa makusudi ili apime ahadi moja na nyingine. Mahali pengine hakuna mapatano kama hayo, lakini hakuna katazo la kuandika kwa adabu, Naomba wiki mbili zaidi, nangoja jibu la mfuko fulani. Wengi hukubali. Na wakikataa, hawakuitii tusi.

Huko Marekani vilevile kuna tofauti kubwa kati ya shahada ya pili na ya tatu. Mwenye kusomea shahada ya tatu aghalabu hupewa kazi ya kusaidia kufundisha au kutafiti, akasamehewa ada na kupata posho. Mwenye kusomea shahada ya pili mara nyingi hujilipia. Na asitegemee kujipatia riziki kwa vibarua, kwa kuwa viza ya mwanafunzi huko humruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Uingereza nayo, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa shahada ya pili hawaruhusiwi kuwachukua wake, waume na watoto wao. Walioachiwa ni wale wa masomo ya utafiti na wale waliolipiwa na serikali. Na asiye na mfadhili yampasa aonyeshe fedha za kujikimu zilizolala benki siku 28 mfululizo. Fedha za kuazima kwa usiku mmoja hazifai.

La nne latuhusu sisi watumishi wa Serikali peke yetu. Mtumishi huenda masomoni kwa ruhusa ya mwajiri wake, na vizuri masomo hayo yawemo katika mpango wa mafunzo wa ofisi. Aendaye kwa siri, akitumaini kwamba barua itamfuata, huhesabiwa mtoro naye aweza kufukuzwa kazi. Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Hata aliyepewa ruhusa na auhesabu mshahara wake vema. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2016. Nayo kanuni ya utumishi yataka mtu abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Kwa hiyo anayesema, Nitakopa benki nijilipie, na achukue kalamu kwanza. Yamkini nafasi ya kukopa imekwisha kuliwa na bati na saruji.

Najua atatokea mwenzangu aseme, Wewe karani watutia woga. Nafasi huja mara moja. Kama wazee wetu wangalihesabu hivyo, hakuna ambaye angalivuka bahari. Neno hilo lina uzito, wala sitaki kulidharau. Mwaka 1949 mwalimu mmoja kijana aliacha darasa lake katika shule ya St. Mary's, Tabora, akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 alirudi na shahada ya M.A. Huyo ni Julius Nyerere, na matunda ya safari ile twayala hata leo. Lakini tukumbuke kwamba alikwenda kwa ufadhili wa Serikali. Alikuwa na ujasiri, na chini ya ujasiri ule palikuwa na malipo. Simwambii mtu asivuke bahari. Namwambia autazame ubao wa chombo kabla ya kupanda.

Tena nafasi si lazima iwe ng'ambo. Pale Tengeru, mwendo mfupi kwa daladala, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, nayo ilianzishwa kwa ajili ya shahada ya pili na ya tatu. Pale Njiro kipo Chuo cha Uhasibu Arusha, nacho hutoa shahada ya pili. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma bila kuacha kazi yake. Wengine wetu huvitaja vyuo vya karibu kwa kukunja pua, kana kwamba elimu huongezeka thamani kwa kupanda ndege. Chuo cha karibu nacho kisomwe barua yake kwa jicho lilelile: ada imelipwa na nani, utafiti utalipiwa na nani, na mwalimu atakayekusimamia ana nafasi au hana.

Wanachama wa sehemu hizi za Meru wana mfano mwingine, nao naupenda kuliko wote. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili ipewe walowezi wa Kizungu. Watu walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi ile, lakini dunia ilisikia. Tazameni namna safari ile ilivyokuwa. Msafiri hakwenda kwa siri. Waliomtuma walijua aendako, na aendalo kutafuta, na fedha zilitoka mikononi mwa nani. Babu zetu walichanga ili mtu mmoja asafiri kwa ajili ya ardhi ya wote. Leo sisi wajukuu twauza ardhi kwa siri ili mtu mmoja asafiri kwa ajili ya nafsi yake, tena kwa mwaka mmoja tu. Neno hilo lanihuzunisha.

Nami sitaki kuwashauri wengine huku nikijificha nyuma ya kalamu, kwa hiyo naeleza habari zangu. Mwezi wa tatu nilipata barua mbili. Ya kwanza ilitoka ng'ambo, chuo chenye jina kubwa, wamenikubali na kunisamehe nusu ya ada. Ya pili ilitoka chuo cha hapa nchini: ada yote italipwa na mradi wa utafiti, posho hakuna, lakini nikipewa ruhusa mshahara wangu utaendelea. Usiku ule nilimsomea mke wangu barua ya kwanza kwa sauti, mara mbili, na mara ya pili nilisimama. Aliponyamaza kitambo aliniuliza, "Na hiyo nusu nyingine, baba, ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Tulichukua karatasi tukahesabu, na ndipo nilipoona kwamba nusu yenyewe haikuwa nusu. Kesho yake niliandika kuomba msaada zaidi. Walinijibu kwa upole kwamba hawana. Wiki iliyopita niliandika barua ya kukataa. Nawaambia kweli, ilinichukua siku tatu kuiandika, nayo haikufika mistari sita. Hata sasa sijui kama sitajuta siku moja nikipita mbele ya ofisi ya mtu aliyethubutu akafaulu. Lakini kihamba cha baba yangu kipo, na watoto wapo shuleni, na barua yangu ya kuomba ruhusa i mezani kwa mkubwa wangu, wazi, kila mtu ameiona. Nangoja tena, lakini safari hii sijifichi.

Mwisho naleta ombi kwa Kamati ya chama chetu. Chama kichague watu watatu, wawili kati yao wawe wamekwisha kusoma shahada ya pili, wapewe kazi ya kuzisoma barua za namna hii pamoja na mwanachama atakaye. Wakutane jioni moja kila mwezi, kuanzia Februari hadi Julai. Kazi yao isiwe kuamua, maana kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Iwe kuuliza tu: mwaka wa mwisho ni wa nani? Ruhusa ipo? Nyumbani watakula nini? Na watakayoyasikia wayasitiri. Tena wawe na daftari ambamo kila aliyekwisha kwenda na kurudi, aliyefaulu na aliyeshindwa, ataandika gharama zake zilivyokuwa kweli, bila jina. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa mali kubwa kuliko matangazo yote tuyasomayo katika intaneti.

Hayo hayataki fedha nyingi. Yataka meza, taa, na watu wasioona haya. Tukiweza kuchangiana katika msiba na arusi, tutashindwaje kuketi pamoja juu ya karatasi mbili za mwenzetu kabla hajatia sahihi?

Nawatakia wote wanaongoja majibu mema, na wale watakaopata majibu mabaya nawatakia usingizi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,

Karani, Arusha.